Ngozi inayowasha usiku, moyo unaochoka mchana: ekizema na tansio kwa mukulima



Mu toleo hii siandiki juu ya mbolea wala juu ya kiwavi cha mahindi. Ninaandika juu ya ngozi. Mimi niko agronome, si munganga, na mambo ya dawa yenye kuwa hapa niliyapitia kwanza pamoja na infirmiye. Kilichonisukuma kuandika ni jambo nililoliona ku shamba.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, hapa kando ya Likasi. Tulikuwa tunafundisha namna ya kupuliza dawa ya wadudu bila kujiumiza. Mama moja, mukulima wa nyanya na lengalenga, akakataa kuvaa glavu. Nilifikiri ni ubishi. Akanionyesha mikono: ngozi ngumu na nyeusi kama ganda la muti, imepasuka katikati ya vidole, inatoa maji. Akasema: «Mwana wangu, hii kitu inanikula tangu miaka saba. Usiku silali. Nikivaa hizo za mpira, inazidi.»

Nikamuuliza anatumia dawa gani. Akafungua kitambaa, akatoa vidonge vidogo vya soko, vya dekisametazoni, ile yenye watu wanaita «dexa». «Hizi njo zinanisaidia. Moja asubuhi. Ikikaza, mbili.»

Siku ileile infirmiye alikuja kupima tansio ya kila mutu. Tansio ya ule mama ilikuwa 180 juu ya 110. Hakuwa anajua. Kichwa hakikuwa kinamuuma, na asubuhi alikuwa amelima mistari mitatu. Tangu siku ile nilijiuliza: mikono yake na moyo wake, kuna njia gani katikati yao? Jibu ni kwamba kuna njia, tena si moja.

EKIZEMA NI NINI

Ekizema, yenye vitabu vya Kiswahili vinaita ukurutu, ni ngozi iliyopoteza ukuta wake. Ngozi nzuri ni kama nyumba iliyopigwa lipu: maji ya ndani hayatoki, uchafu wa inje hauingii. Kwa mutu wa ekizema lipu imepasuka. Maji yanatoka, ngozi inakauka. Sabuni, vumbi na dawa vinaingia. Na askari wa mwili wanaanza kupigana kila siku. Njo ile kuwasha, kuvimba, na kutoa maji.

Kuna ya kuzaliwa nayo, yenye inaenda mu jamaa pamoja na pumu (asima) na mafua ya vumbi. Kuna pia ya kugusana, inayotoka ku kitu kinachochoma ngozi ao chenye ngozi inakikataa. Mutu anaweza kuwa na zote mbili.

Tujue mambo mawili. La kwanza: ekizema haiambukize. Kama ndani ya nyumba watu wote wanajikuna, zaidi usiku, na vipele viko katikati ya vidole na ku kiuno, hiyo inaweza kuwa upele wa wadudu, na dawa yake ni ingine: munatibiwa nyumba yote siku moja. La pili: vitabu vingi vya zamani vinasema ekizema ni ngozi «nyekundu». Kwetu sisi weusi, uwekundu hauonekani sana. Ngozi yetu inakuwa nyeusi zaidi, ao ya majivu, ao inafanya vipele vidogo na kunenepa. Kwa hiyo ekizema kali yetu inadharauliwa mara nyingi: mutu anateseka, lakini anayemuangalia anasema «ni kidogo tu».

UCHUNGUZI UNASEMA NINI

Mwaka 2018, watafiti wa chuo cha London kinachochunguza afya na magonjwa ya inchi za joto walitoa matokeo mu gazeti la waganga la Uingereza. Walifuata vitabu vya hospitali vya watu wazima wenye ekizema zaidi ya 380,000, wakawalinganisha na watu zaidi ya milioni moja na nusu wasio na ekizema, wa miaka sawasawa, wanaume na wanawake.

Waliona hivi. Mwenye ekizema nyepesi: tofauti ni kidogo sana ao hakuna. Mwenye ekizema kali: hatari ya AVC, ule ugonjwa wa kupooza upande moja, inapanda karibu 20 ku mia. Hatari ya mushipa wa moyo kuziba, ya moyo kupiga bila mupango, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo ao wa mishipa, inapanda kati ya 40 na 50 ku mia. Hatari ya moyo kuchoka na kushindwa kusukuma damu inapanda karibu 70 ku mia. Tena, waliobaki na ekizema inayowaka muda murefu walikuwa ku hatari zaidi kuliko wale wenye inakuja na kwenda.

Tusiogope hesabu bila kuielewa. «70 ku mia» haina maana kwamba watu 70 ku mia watagonjwa moyo. Tufanye mufano: tuseme ku watu 1,000 wasio na ekizema, 10 wanapata moyo kuchoka. Ku watu 1,000 wenye ekizema kali, itakuwa karibu 17. Watu 983 hawatapata kitu. Lakini wale 7 wa kuongezeka ni watu, na mara nyingi njo wale wenye kulisha nyumba.

Ile hesabu ni ya Uingereza, kwenye tansio inapimwa na dawa inapatikana. Huku kwetu watu wengi hawajapimwa tansio hata mara moja. Kama tansio iko juu na hakuna anayejua, ekizema inaongeza muzigo juu ya muzigo.

Na watoto? Ile uchunguzi ni ya watu wazima. Watoto wengi wenye ekizema inawapunguka wanapokomaa. Mama mwenye mutoto wa ekizema asikose usingizi juu ya moyo wa mutoto. Amutunze ngozi vizuri, inatosha.

NJIA NNE KUTOKA NGOZI KUFIKA MOYO

Ku mashamba yenye kunyweshwa na motopompe, munajua: mupira ukijaa matope ndani, maji yanapita kwa nguvu, pompe inachoka, siku moja mupira unapasuka. Mishipa ya damu ni ile mipira. Moyo ni pompe. Ekizema kali inaweza kuharibu hiyo kazi kwa njia hizi.

Ya kwanza, moto wa ndani. Askari wa mwili wanaopigana ku ngozi hawabaki ku ngozi peke yake. Vitu wanavyotoa vinatembea ndani ya damu. Vikizunguka miaka mingi, vinaweza kuchubua ukuta wa ndani wa mishipa, na mafuta yanapata pa kushika.

Ya pili, usingizi. Mutu anayejikuna usiku muzima hapumzishi moyo. Usiku tansio inapaswa kushuka. Mutu asipolala, haishuki vizuri. Mwaka moja, miaka mitano, moyo unafanya kazi ya usiku na ya muchana.

Ya tatu, maisha yanabadilika. Jasho linawasha, kwa hiyo mutu anaacha kutembea na kulima. Ananenepa. Mawazo na haya vinamukamata. Wengine wanatafuta kutulia ndani ya tumbako ao lutuku. Hivyo vyote vinaumiza mishipa.

Ya ine ni dawa yenyewe, na hiyo tuiseme peke yake, kwa sababu njo yenye niliona ku ule mama.

VIDONGE VYA SOKO

Dekisametazoni na predinizoloni ni dawa nzuri mu mikono ya munganga. Zinaokoa mutu wa pumu anayekosa pumuzi. Zinatuliza kuwasha haraka, ndani ya siku moja ao mbili, na njo ubaya wake: mutu anasema amepata dawa. Akiacha, ekizema inarudi kwa nguvu kuliko mbele. Anarudilia kumeza. Miaka inapita.

Dexa iko na nguvu karibu mara sita ao saba kuliko predinizoloni, uzito kwa uzito. Ukiikunywa muda murefu bila kuangaliwa: tansio inapanda, sukari ya damu inapanda, uso unavimba mviringo, mafuta yanakaa ku tumbo na ku shingo, mifupa inalegea, vidonda vinakawia kupona. Tansio na sukari njo adui wa kwanza wa moyo. Basi mutu aliyetafuta kuponya ngozi amefungulia adui mulango.

Wako pia wanaoikunywa ili wanenepe. Kile kinachoongezeka pale si afya.

Mafuta ya kung'arisha ngozi ni vilevile. Mengi ndani yake muko klobetazoli, dawa ya nguvu sana ya jamaa moja na dexa. Ukijipaka mwili muzima kila siku, ngozi inakuwa nyembamba na dawa inaingia mu damu. Mengine yako na merkiri, inayoharibu figo. Na figo ikiharibika, tansio inapanda.

SIKIENI VIZURI HAPA: kama umemeza dexa ao predinizoloni kila siku kwa majuma mengi, USIACHE KWA MARA MOJA kisha kusoma hii karatasi. Mwili umeacha kutengeneza yake mwenyewe. Ukikata gafula unaweza kuanguka, tansio inashuka sana, na unaweza kufa. Enda ku kituo cha afya, sema kweli yote, kipimo na miaka, wakupunguzie polepole. Usione haya. Infirmiye amesikia mengi.

Lakini tusiende upande wa pili na kuogopa kila pomadi. Pomadi ya ekizema yenye munganga ameandika, kwa pahali alipoonyesha na kwa siku alizosema, inasaidia na haina hatari kama ya vidonge. Ekizema iliyotulizwa vizuri ni bora kuliko ekizema iliyoachwa iwake.

UPANDE WETU WA LIKASI

Sisi tunakaa ku inchi ya shaba na kobalti. Kobalti, nikeli, na kromu ya ndani ya saruji ni vitu vinavyojulikana duniani pote kuleta ekizema ya kugusana. Mukulima wetu mara nyingi ana kazi mbili: wakati wa mvua analima, wakati wa kiangazi anaosha ao anabeba madini, ao anafanya kazi ya ujenzi. Mikono inaenda ku shamba ikiwa tayari imepasuka, na kule inakutana na urea, na dawa ya kiwavi, na maji ya nyanya na ya vitunguu.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini vya Katanga wako na kobalti nyingi mu mukojo kuliko wale wanaokaa mbali, na watoto zaidi. Hiyo kobalti inapita mu vumbi na mu chakula.

Kobalti nyingi sana inaweza kugusa moyo pia. Kule Quebec, Kanada, mwaka 1965 na 1966, kiwanda kilitia kobalti mu pombe ili povu likae. Wanywaji wakubwa, waliokula vibaya, wakashikwa na ugonjwa wa moyo: wagonjwa 48, wakakufa 20. Ile ilikuwa kobalti ya kunywa kila siku, pamoja na pombe nyingi na njaa. Sisemi kwamba mwenye ekizema ya kobalti atakufa moyo. Ninasema tu: kunawa vumbi mbele ya kula, kuosha mboga mara mbili, na kula vizuri, si usafi wa macho peke yake.

TUFANYE NINI?

Ku nyumba:
- Oga haraka, maji ya vuguvugu, si ya moto. Sabuni nyepesi bila marashi. Sabuni ya kufulia na soda viache kwa nguo.
- Jipanguse kwa kugusagusa, usisugue. Mbele dakika tatu hazijaisha, paka vaselini ya kawaida, isiyo na harufu. Rudia mara mbili ao tatu kwa siku, zaidi wakati wa kiangazi, kwa sababu baridi na upepo wa mwezi wa sita na wa saba vinakausha ngozi.
- Kata kucha fupi. Vaa nguo ya pamba kuliko ya nailoni.
- Punguza chumvi: yote ya siku moja isipite kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile ya ndani ya kibe za supu. Makayabu uloweke usiku muzima na kubadilisha maji. Bukari si adui. Adui ni chumvi na mafuta mengi yanayoifuata. Sombe, lengalenga, maharagi na matunda ya shamba letu ni marafiki wa mishipa.
- Tumbako iache. Lutuku vilevile.

Ku shamba:
- Chini ya glavu za mpira vaa zile nyepesi za pamba. Njo vile ule mama aliweza kuvaa. Jasho likilowesha za ndani, badilisha.
- Changanya dawa na kijiti, kamwe na mukono. Usipulize ukiangalia upepo.
- Dawa ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe na maji mengi safi dakika 15.
- Mwenye vidonda vilivyo wazi ku mikono asipulize siku ile. Mwenzake wa koperative amusaidie, naye atamulipa kwa kupalilia.
- Chupa za dawa zisibebe maji wala mafuta ya ngazi, hata ukiziosha mara kumi.

Ku koperative:
- Tununue mashine moja ya kupima tansio, ya mukono wa juu, si ya kiganja. Kila mukutano mukubwa, mbele ya kufungua, tupime watu wote. Ukae kwanza dakika tano bila kuongea, mugongo umeegemea. Ikiwa 140 juu ya 90 ao zaidi, upimwe tena siku ingine. Ikibaki vile, enda ku kituo cha afya.
- Mutu mwenye ekizema inayomunyima usingizi usiku mbili ao zaidi ku juma, ao iliyofunika sehemu kubwa ya mwili, asingoje. Amuombe munganga mambo matatu: dawa ya ngozi iliyo sawa, kupima tansio, kupima sukari.
- Tusicheke wenye ngozi hiyo na tusiwakatalie mikono. Haiambukize. Mutu anayejificha njo anayeenda kununua vidonge gizani.

ALAMA ZA KUKIMBIA NAZO KU HOSPITALI

Kifua kinabana kama mutu amekukalia, maumivu yanapanda ku mukono ao ku taya, jasho la baridi. Uso unashuka upande moja, mukono unakosa nguvu, maneno yanachanganyika. Pumuzi inakatika ukilala, miguu inavimba. Hayo si ya kungoja asubuhi, si ya kulogwa, na si ya kutibu na dexa. Saa moja ya kuchelewa inaweza kuwa mukono moja uliopotea kwa maisha yote.

NA ULE MAMA?

Infirmiye hakumunyanganya vidonge vyake. Alivihesabu naye, akamufanyia mupango wa kupunguza kidogokidogo majuma mingi, akamupa pomadi na dawa ya tansio. Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya. Mikono iliwaka tena, na siku moja nilimukuta anataka kurudia soko. Bwana yake njo alimushika mukono. Wakati mahindi yalianza kutoa maua, tansio ilikuwa 138 juu ya 86. Mikono haijakuwa ya musichana, yeye mwenyewe anasema vile, lakini anashika jembe na analala.

Ku shamba, jani likiwa njano, mukulima mwenye akili hapaki jani rangi ya kijani. Anafukua, anaangalia muzizi. Ngozi yetu vilevile: ikilia muda murefu, tuangalie pia ndani. Na kuangalia ndani kunaanza na kitu kidogo, kufunga mashine ku mukono, dakika mbili.

Mukutano wetu ukifika, njooni mapema. Mashine itakuwa mezani, na mimi nitapimwa wa kwanza.

Agronome wenu